Biskuti za Chokoleti kwa Sherehe ya Kiyahudi: Mwongozo kwa Waokaji wa Tarime na Serengeti

Oda ya namna hii kwa kawaida huletwa na dereva wa watalii aliyesimama mahali penye mtandao.

"Shikamoo mama. Nina familia huku Kogatende, ni Wayahudi. Kijana wao ametimiza miaka 13, kesho kutwa wana sherehe. Wanataka biskuti za chokoleti, zile laini za kutafuna."

"Marahaba baba. Watazila baada ya nyama?"

Dereva aghalabu hajui. Basi arudi akamwulize mwenye sherehe kabla oveni haijawashwa, maana jibu lake ndilo litakaloamua kama siagi itaingia kwenye bakuli au itabaki dukani. Kuoka biskuti ya chokoleti iliyo laini katikati ni kazi ya mchana mmoja, na mwokaji yeyote wa Mugumu au Tarime mjini aliyezoea keki za kipaimara ataiweza. Kinachowashinda wengi ni haya maswali ya mwanzo. Wengine hawayaulizi, wakapeleka sahani nzuri ambayo mgeni anaishia kuitazama tu.

Wateja wenyewe wapo, na wana misimu. Kati ya Julai na Oktoba nyumbu huvuka Mto Mara upande wa Kogatende na Lamai, na familia za Kiyahudi kutoka Marekani, Israel, Uingereza na Afrika Kusini huwa miongoni mwa wanaokuja kutazama. Mwaka mpya wa Kiyahudi, Rosh Hashana, huangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, ndani ya msimu huo huo. Hanuka huja kuelekea mwisho wa mwaka, mara nyingi ikikutana na likizo za Desemba. Wengine hutokea Masai Mara, wakavuka mpaka Isebania na Sirari, wakapita Tarime mjini kabla ya kuingia hifadhini. Wala Wayahudi si watalii wa ng'ambo pekee. Nairobi kuna sinagogi ambayo jengo lake la kwanza lilianza kujengwa 1912; leo iko pale University Way inapokutana na Uhuru Highway. Karibu na Mbale, Uganda, wanaishi Abayudaya, wakulima walioshika dini hiyo tangu 1919 wakimfuata Semei Kakungulu, na rabi wao Gershom Sizomu alipata daraja hilo 2008.

Neno moja kuhusu sherehe ya huyo kijana, maana Tarime ukisema mvulana anaingia utu uzima, watu huanza kuhesabu mbuzi na kuuliza ngariba ni nani. Bar mitzva haina kisu. Mtoto wa kiume wa Kiyahudi hutahiriwa akiwa na siku 8. Akifika miaka 13 husimama mbele ya watu akasoma Torati, na kuanzia hapo anawajibika mwenyewe kwa amri za dini yake. Binti huwa na yake, bat mitzva, kwa kawaida akiwa na miaka 12. Baada ya kusoma watu hula, na meza ya vitu vitamu ndiyo sehemu watoto wanayoingojea.

Nyama, maziwa na kilicho katikati

Chakula kinachokubalika kwa sheria ya Kiyahudi huitwa kosheri. Nguruwe amekatazwa, jambo ambalo Waislamu na Wasabato wa Mara hawahitaji kuelezwa. Linalowashangaza wengi ni jingine: nyama na maziwa haviliwi pamoja. Chanzo chake ni katazo la Torati la kumpika mwanambuzi katika maziwa ya mama yake, na marabi walilipanua hadi likagusa sufuria, visu na saa za kula. Aliyekula nyama husubiri kabla ya kugusa chochote chenye maziwa. Wapo wanaosubiri saa 6, wapo wanaosubiri 3, na wapo wa saa 1. Kwa hiyo kama chakula cha mchana ni mbuzi wa kuchoma, biskuti yenye siagi haiwezi kufuata.

Katikati ya nyama na maziwa kuna kundi la tatu, linaloitwa parve: mayai, matunda, nafaka, mafuta ya mimea, sukari, kokoa, asali. Hivi huliwa na upande wowote. Ushauri wangu kwa mwokaji wa Mara ni kuizoea biskuti ya parve na kuiacha ya siagi kabisa, labda wakati wa Sikukuu ya Majuma, mwezi Mei au Juni, ambapo Wayahudi wengi hupenda vitu vya maziwa. Mafuta ya alizeti ya Singida yanafanya kazi yote ya siagi katika biskuti hii, na biskuti ya mafuta hukaa laini kuliko ya siagi ikishapoa.

Majarini isikudanganye kwa kuwa inatokana na mimea. Baadhi huwekwa maziwa ya unga, na kiungo kinachoandikwa E471 kinaweza kutoka kwenye mafuta ya mnyama au ya mmea. Paketi yenyewe haisemi. Vipambo vyekundu vya kunyunyizia juu ya keki vitazame pia: E120 ni rangi inayotolewa kwa wadudu, na haikubaliki. Ukiona kwenye paketi alama ya herufi U ndani ya duara, hiyo ni alama ya shirika moja la Kiyahudi la Marekani linalothibitisha vyakula. Ikifuatiwa na D, kuna maziwa au imegusana na mashine ya maziwa. Ikifuatiwa na P, hiyo P ni ya Pasaka, wala si ya parve, na hapa hata wazoefu hukosea.

Kokoa nayo ina mtego wake wa dukani. Kopo linaloshika nafasi kubwa kwenye rafu ni la chokoleti ya kunywa, ambayo nusu yake na zaidi huwa sukari, na mara nyingi ina maziwa ndani. Unachotaka ni kokoa tupu, chungu, isiyo na kitu kingine kwenye orodha ya viambato. Tanzania inalima kokoa, nyingi ikitoka Kyela, na nyingine Kilombero, lakini sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa punje. Kwa hiyo kopo la unga unalolihitaji huenda ukaliagiza Mwanza au Arusha. Liagize mapema, usisubiri simu ya dereva.

Pasaka inabadilisha kila kitu

Swali la pili la kumwuliza mwenye sherehe ni tarehe. Pasaka ya Wayahudi huja Machi au Aprili. Mwaka 2026 ilianza jioni ya Aprili 1. Hudumu siku 7 kwa Wayahudi wa Israel na 8 kwa wengi wa nje, na muda wote huo ngano, shayiri na nafaka za jamii yake haziliwi isipokuwa kama mkate wao usiotiwa chachu. Biskuti ya unga wa ngano imetoka. Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, Waashkenazi, wengi wao huongeza katazo la mchele, mahindi na jamii yote ya kunde. Wenye asili ya Hispania na Afrika Kaskazini, Wasefardi, wengi hawana katazo hilo.

Hapo ndipo mwokaji wa kwetu anapojikwaa bila kujua. Karanga ni jamii ya kunde, kwa hiyo kwa Mwashkenazi haifai wakati wa Pasaka. Korosho ya Mtwara ni tunda la mti, inafaa mwaka mzima mradi haikukaangwa pamoja na kitu kingine. Sukari ya unga ya paketi huchanganywa na wanga wa mahindi ili isigande. Beking pauda nayo kwa kawaida ina wanga huo. Vanila ya chupa mara nyingi hutengenezwa kwa pombe, na pombe ya nafaka iliyokatazwa nayo imekatazwa. Punje za vanila za Bukoba, ukizipata, zinamaliza tatizo. Usipozipata, acha vanila kabisa, tia kahawa.

Kahawa ya Tarime, arabika ya milimani, ni rafiki mkubwa wa kokoa. Kijiko cha kahawa nzito hakionekani kwa ladha yake mwenyewe ila huifanya chokoleti iwe na kina. (Abayudaya wa Mbale nao ni wakulima wa kahawa; ushirika wa Mirembe Kawomera, ulioanzishwa 2004, uliwaunganisha na majirani zao Wakristo na Waislamu kuuza kahawa yao pamoja. Ukipata mgeni anayependa mazungumzo, hiyo ni habari ya kumpa pamoja na sahani.)

Biskuti yenyewe

Biskuti ninayoipendekeza haina unga, haina maziwa, haina hamira ya aina yoyote. Wayahudi huioka sana wakati wa Pasaka, lakini hakuna siku ya mwaka isiyofaa. Ukiijua hii moja, maswali mengi ya hapo juu yanakuwa yamejijibu.

Saga gramu 300 za sukari ya kawaida kwenye blenda kavu hadi iwe kama unga wa sembe laini. Sukari yetu ina chembe kubwa, na isiposagwa vizuri itakwaruza ulimini. Isage siku ile ile, kwa sababu bila wanga itavuta unyevu na kuganda ifikapo asubuhi. Chekecha pamoja na gramu 75 za kokoa na robo kijiko cha chai cha chumvi. Kaanga gramu 150 za korosho kwenye kikaango kikavu hadi zinukie, ziache zipoe, zikatekate vipande vidogo, changanya humo.

Sasa mayai. Unahitaji ute peke yake, kama gramu 100: mayai 3 makubwa ya kisasa, au 4 ya kienyeji. Vunja moja moja ndani ya glasi safi, ulitazame kwenye mwanga kabla ya kulimimina bakulini. Tone la damu, hata dogo kama kichwa cha pini, linaliondoa yai lote. Mayai ya kuku anayetembea na jogoo yachunguze zaidi. Mgeni akikuona unafanya hivi na glasi yako atatulia, maana ndivyo mama yake alivyofanya.

Usiupige ute ukawa povu. Umimine kwenye mchanganyiko pamoja na kijiko kimoja cha chakula cha kahawa nzito iliyopoa, ukoroge kwa mwiko. Mwanzoni utaona ni mkavu, utashawishika kuongeza yai. Endelea kukoroga. Baada ya dakika moja hivi sukari huanza kuyeyuka, na mchanganyiko hugeuka kuwa mzito, mweusi, unaong'aa, unaodondoka polepole kutoka kwenye mwiko kwa uzito wake. Ukikimbia kama uji, umezidisha ute; ongeza kijiko cha kokoa. Ukikataa kabisa kudondoka, ongeza ute kidogo kidogo.

Tandika karatasi ya kuokea, maana bila karatasi zitaganda kwenye trei na utazing'oa kwa kisu. Weka kijiko kimoja kimoja, uache nafasi ya vidole vitatu kati yake. Oka kwa nyuzi 170 hadi 175 kwa dakika 12 hadi 14. Zitatanuka, zitang'aa juu, kisha zitapasuka nyufa ndogondogo. Zitoe hapo hapo, ingawa katikati zinaonekana mbichi. Anayesubiri zikauke anapata biskuti ya kuvunja meno. Usiziguse hadi zipoe kabisa juu ya trei, ndipo zinaposhikana. Utapata kama 24.

Ulaini wake unatokana na sukari, ambayo hushikilia maji, na ute, unaofunga bila kukausha. Kwa Rosh Hashana ongeza kijiko cha asali: sikukuu hiyo huliwa vitu vya asali kuombea mwaka mtamu, na asali huongeza ulaini pia. Nyuki si kosheri lakini asali yake ni kosheri, swali ambalo marabi walilimaliza zamani.

Anayetaka ya unga kwa siku zisizo za Pasaka, achanganye gramu 180 za unga wa ngano uliochekechwa na kukaguliwa wadudu, gramu 50 za kokoa, gramu 200 za sukari, mililita 120 za mafuta ya alizeti, yai 1 zima na kiini 1, kijiko cha asali, na gramu 150 za chokoleti nyeusi isiyo na maziwa iliyokatwakatwa. Magadi soda iwe robo kijiko cha chai, ile nyeupe laini ya pakiti, si magadi ya mabonge ya kulainishia maharage. Donge lipumzike saa 1 mahali pa baridi, kisha dakika 10 au 11 ndani ya oveni zinatosha.

Robo kijiko ni kidogo kuliko kipimo utakachokiona kwenye maelekezo mengi, na ni kwa makusudi. Ziwa Victoria lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kuelekea Tarime unazidi kwenda juu. Huku hewa ni nyepesi: gesi ya magadi hutanuka haraka, biskuti huinuka kisha huporomoka na kusambaa kama chapati, na maji hukauka mapema. Kwa kipimo kilichoandikwa kwa watu wa Dar es Salaam au New York, punguza magadi, punguza sukari kidogo, ongeza kijiko cha maji. Ile ya ute haina usumbufu huu, sababu nyingine ya kuipenda.

Kwenye sufuria ya mchanga na makaa juu ya mfuniko, joto hupotea kila ukifunua. Oka moja kwanza peke yake, ihesabie dakika, uone. Kisha ndipo upange nyingine.

Moto, vyombo na Ijumaa

Swali la tatu ndilo gumu zaidi: familia hii inashika kwa kiasi gani? Wapo Wayahudi wanaoepuka nguruwe tu na hawana neno na chombo chako. Wapo wasioweza kula kitu chochote kilichopikwa kwenye oveni iliyookewa nyama jana, na hao makundi yao mara nyingi huja na mpishi wao na masanduku ya vyakula. Usibishane nao wala usijisikie umedharauliwa. Wauzie ulicho nacho: mayai, korosho, asali, sukari iliyofungwa, trei mpya za foili na karatasi mpya, wakaoke wenyewe.

Kati ya hao wawili kuna wengi. Kwao, bakuli na mwiko mpya, trei za foili, na oveni iliyosafishwa, ikapumzishwa saa 24, kisha ikawashwa tupu kwa moto wa mwisho, vinaweza kutosha. Uamuzi ni wao, si wako. Na kuna jambo moja dogo ambalo baadhi yao hulijali sana: Myahudi ashiriki kuwasha moto. Mkaribishe mama au baba wa kijana jikoni, mpe kiberiti, au mwache aweke kaa moja jikoni kwa mkono wake. Haikugharimu chochote, na mara nyingi watoto hutaka kubaki kukoroga.

Sabato huanza Ijumaa jua linapozama, na kwa huku ni kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni mwaka mzima, maana tuko karibu na ikweta. Mishumaa huwashwa kama dakika 18 kabla ya hapo, na baada yake hakuna kupika hadi nyota zitoke Jumamosi usiku. Jirani yako Msabato ataielewa siku ya maandalio kuliko mtu yeyote. Biskuti ya Jumamosi iokwe Alhamisi, au Ijumaa asubuhi ifikishwe kambini kabla ya saa 9 alasiri, na barabara za kwenda Kogatende mwenyewe unazijua. Malipo pia yamalizwe kabla, kwa kuwa washika Sabato hawashiki fedha wala simu siku hiyo.

Zipange kwenye bati lenye mfuniko unaobana, karatasi kati ya kila safu. Zile za ute hukaa laini siku 3 hivi. Waokaji wengine hutia kipande cha mkate ndani ya bati ili zisikauke. Wakati wa Pasaka kipande hicho kinaharibu bati zima.

Kwenye lebo andika viambato vyote, tarehe ya kuoka, na kwamba jiko lako hupika pia nyama ikiwa ni hivyo. Usiandike "kosheri" kwa mkono wako mwenyewe. Kama ilivyo kwa halali, ambayo BAKWATA hutoa vyeti vyake, neno hilo lina wenye mamlaka nalo. Andika "hakuna maziwa, hakuna unga wa ngano, hakuna karanga", na mteja atajua la kufanya. Anayetaka kuziuza madukani na kambini kwa mwaka mzima azungumze na SIDO, kisha TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo yenye jukumu la usalama wa chakula lililokuwa chini ya TFDA.